Upana, Si Urefu

Kazi yangu hapa Ganzirri ni vibandiko:
kalamu ya wino usiofutika, karatasi ngumu,
herufi ndogo kama mayai ya dagaa.
Naitwa Letteria. Huku Messina
wengi tumepewa majina kutokana na barua,
basi sioni ajabu kuzeekea kwenye herufi.

Februari, kabla ya jua, mkondo wa mlango-bahari uligeuka
ukapandisha vya chini juu.
Placido akaingia na ndoo, anatembea
kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.
"Tazama."
Nikatazama. Maji.
"Tazama tena."
Maji; halafu mkunjo ndani ya maji;
halafu ukingo wa mkunjo ukawaka,
zambarau, kijani, rangi za petroli kwenye dimbwi la barabarani,
zikikimbia kutoka ncha hadi ncha
kama anayesoma mstari kwa kidole.

Si yavuyavu huyu. Hawashi.
Yumo katika tenofora, wabeba vitana:
safu za vinyweleo zinazopiga, zinazopiga,
zikichana bahari isiyo na nywele.
Hana sumu, ana gundi.
"Koloblasti," asema Dokta Ardizzone,
nami pembeni naandika: seli za kunatia.
Jenasi, Cestum, ndio mshipi.
Spishi, veneris, wa Zuhura.
Na yule jamaa yake mfupi, Velamen, ni shela.
Mshipi, shela! Duka zima la bibi harusi
kwa kiumbe aliye uchi kuliko maji.

Nikaweka rula kando ya tangi.
Nikaandika: Urefu, sentimita themanini na mbili.
Dokta akacheka, si kwa ubaya.
"Mdomo uko wapi, Letteria?"
Nikautafuta kwenye ncha ya kulia.
Nikautafuta kwenye ncha ya kushoto.
Kumbe uko katikati, ukingo wa chini,
na juu yake, mkabala, kuna kijiwe
kinachomwambia juu ni wapi.
Kutoka mdomoni hadi kijiweni: vidole vinne.
Huo ndio urefu wake wote.
Kinachobaki, huku na huku,
utepe wote ule tunaoushangilia,
ni upana.

Nikakata neno kwa mstari mmoja.

Mama yangu, Nunziata, alishona mishipi ya maandamano ya Agosti,
hariri ya buluu kwa wanaume wenye matumbo.
Alipokupima hakuanza na ncha.
Alibana katikati ya utepe kwa kidole gumba,
akaukandamiza kitovuni pako,
ndipo akaziacha pande mbili zizunguke zenyewe.
Pini zimejaa mdomoni, bado alisema:
"Ncha ni za kufungia tu."
Miaka ishirini na tatu yuko makaburini,
na mimi nimekuja kumwelewa kwenye ndoo.

Jioni Placido alimgusa kwa ncha ya glovu.
Akageuka nyoka, mpindo mmoja, miwili,
akaacha nyuma yake mwanga wa buluu
uliodumu kidogo kuliko neno la kuutaja.
Asubuhi alikuwa amezama chini ya tangi,
akatiwa kwenye chupa kama ilivyo desturi.

Formalini haiwapendi hawa.
Jumanne alikuwa wingu.
Alhamisi, vumbi jeupe chini ya kioo.
Jumamosi, chupa ya maji yenye jina,
na jina zuri, wino haujatetereka:
Cestum veneris, mlango-bahari wa Messina,
mita kumi, maji tulivu.
"Nimwage?" akauliza Placido.
Nikamwambia aniachie hadi nimalize fomu.

Fomu ina kisanduku cha Urefu.
Ina cha Uzito, ina cha Jinsia
(ambaye ni dume na jike kwa pamoja, niweke alama wapi?).
Kisanduku cha Upana haina.
Nilikaa na kalamu hadi taa za ng'ambo, za Calabria, zikawashwa.
Kisha nikaandika themanini na mbili
pambizoni, ukingoni kabisa mwa karatasi,
pale pale yeye alipokuwa akiwaka.